Uliza Ujibiwe: Hao samaki milioni 60 nani kawahesabu?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna jamaa yangu kanitumia meseji eti huko Antaktika chini ya barafu wamegundua viota milioni 60 vya samaki, mi nikamwambia acha fiksi, kwanza samaki na kiota wapi na wapi, halafu nani alikaa akahesabu? Na hata kama kweli, wakishapiga picha ndo inasaidia nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Jamaa yako hajakudanganya, ila hiyo milioni 60 ni makadirio. Februari 2021 meli ya utafiti ya Wajerumani, Polarstern, ilikuwa Bahari ya Weddell, hukohuko Antaktika, inaburuta kamera kwa kebo, nusu kilomita hivi chini huko, kamera inapita juu kidogo tu ya sakafu ya bahari, wakaona kiota, kingine, kingine tena, masaa yanakatika na viota haviishi. Kila kimoja ni shimo la duara la upana wa sentimita kama 75, yaani sinia la pilau la harusini, chini limetandazwa vijiwe, kuna mayai 1,700 hivi na mara nyingi samaki mmoja yupo hapo analinda. Mwenyewe anaitwa samaki wa barafu, na damu yake haina wekundu kabisa maana hana himoglobini, ile inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu, maji ya baridi vile yana oksijeni ya kumtosha (hapo hata mi nilisoma mara mbili).

Sasa hesabu. Kwenye picha walihesabu viota kama 16,000, ndo wakapiga mahesabu kwa eneo zima la kilomita za mraba 240 wakapata hiyo milioni 60. Hakuna aliyeviona vyote, lakini sio namba ya kuokoteza pia. Na waliacha kamera mbili hukohuko chini ziendelee kuangalia.

Inasaidia nini? Wavu wa kukokota ukipita hapo unasomba mayai na walinzi wake kwa mpigo, na sili wa Weddell (wanyama wa baharini wanaokula samaki) nao wanapiga mbizi maeneo hayohayo, inaonekana wanafuata msosi. Umoja wa Ulaya unaomba tangu 2016 Bahari ya Weddell iwe hifadhi, kwa hiyo picha zile ziliwapa hoja ya kushika mkononi. Shida ni kwamba tume inayosimamia viumbe wa bahari ya Antaktika inaamua kwa kauli moja, nchi moja ikikataa basi tena, na Urusi na China zimekuwa zikikataa. Kwa maoni yangu hapo ndo pagumu kuliko hata barafu yenyewe. Ila sio kwamba haiwezekani, Bahari ya Ross, nayo ya Antaktika, ilipitishwa kuwa hifadhi 2016 baada ya hao hao kukubali, zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.5, tena kwa miaka 35 tu, ikiisha inabidi wakae kikao upya.