Chanja kwanza, banda litafuata

Dada wa Manyoni, pole. Umesema kila kiangazi kuku wako wanakufa kwa mkupuo, wanaharisha kijani, wengine shingo zinapinda, na sasa una laki mbili unauliza ujenge banda la bati au ununue majogoo chotara. Kwa sasa, vyote viwili acha.

Hizo dalili zinafanana sana na mdondo, wengine wanauita kideri. Ukishaingia hauna dawa, na chotara watakufa vilevile. Chanja na I-2, chanjo ya mdondo: tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, hata vifaranga. Mshike kuku ubavu, subiri apepese jicho ndipo umwachie. Chanja wasioumwa tu, na uwahi kabla msimu wa vifo haujafika. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wako, kwa hiyo changeni majirani mchanje siku moja, kikishafunguliwa usikitunze. (Kuku wa jirani asiyechanja ndiye atakayewasumbua, mbembelezeni.)

Halafu vifaranga. Mwewe na baridi vinamaliza wengi kuliko tunavyokubali. Wafunike na mama yao kwenye tenga wiki za mwanzo, wape chenga za mahindi na mchwa, maji kwenye kisahani chenye kokoto wasizame. Mimi banda langu ni la fito na udongo, limeinuliwa, kinyesi kinadondoka chini.

Na kuku mgeni wa mnadani mtenge wiki mbili, hata kama ni zawadi ya shemeji.