Skrini ya Ubuntu kukwama 800 kwa 600 ndani ya VirtualBox: mimi ilinipata hivi

Mkuu, pole. Umesema umeweka Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ndani ya VirtualBox (programu inayoendesha mashine pepe, yaani kompyuta ya kubuni ndani ya kompyuta halisi) kwenye desktop ya Windows, picha imekwama 800 kwa 600 katikati ya dirisha, na ulipowasha 3D (tiki ya kuharakisha michoro) skrini ikawa nyeusi tii. Nakuomba usiifute hiyo mashine. Mimi yangu niliifuta mara mbili na kuiweka upya, bando likakatika, kumbe Ubuntu haikuwa na kosa lolote.

Nafundisha vijana kompyuta kwenye steshenari huku Nkuhungu, Dodoma. Desktop zetu ni za mtumba, RAM 8 GB, na hizo hizo ndizo zinazochapa barua za wateja mchana. Kwa hiyo Linux tunaifundishia ndani ya mashine pepe, kijana akiharibu kitu Windows ya kazi inabaki salama.

Weusi kwanza, maana huo ni mwepesi. Zima mashine pepe kabisa. Ukiifunga kwa kuhifadhi hali yake, mipangilio ya skrini itakataa kubadilika. Ikishazimika, ingia kwenye mipangilio yake (Settings), sehemu ya Display, ondoa tiki ya 3D, na uhakikishe kidhibiti cha grafiki ni VMSVGA. Hicho ndicho cha Linux. VBoxSVGA ni cha Windows za siku hizi, na VBoxVGA waachie wenye Windows za zamani. Kumbukumbu ya video ivute hadi 128 MB. Kwangu, kuondoa 3D peke yake kulirudisha picha kwenye kila mashine yenye kadi ya grafiki ya zamani.

Sasa huo udogo wa picha, ndio ulionitesa siku mbili. Dirisha linapanuka, picha haifuati, kwa sababu Guest Additions, programu ya nyongeza inayounganisha Ubuntu na VirtualBox, haifanyi kazi ndani ya Ubuntu. Nami nilikuwa nimeiweka! Faili lake linakuja na VirtualBox yenyewe, unalichomeka kama CD kupitia menyu ya Devices. Nilipoliendesha, terminali (dirisha la kuandikia amri) ilifunguka, maandishi yakapita mbio, mwisho nikaambiwa nibonyeze Enter nifunge dirisha. Nikabonyeza bila kusoma. Siku ya pili ndipo nilipofungua logi, faili linaloandika yaliyotokea, kwa amri hii kwenye terminali:

cat /var/log/vboxadd-setup.log

Imeandikwa waziwazi kwamba heda za kerneli hazijapatikana. Kerneli ni kiini cha Linux, na heda ni faili za maelezo yake. Guest Additions inajenga moduli zake (vipande vinavyochomekwa kwenye kerneli) kwa kufuata kerneli uliyonayo, na bila heda haina cha kujengea. Ndiyo maana pia unaweza kulala skrini ikiwa nzima, ukafanya apdeti asubuhi, kerneli ikabadilika, picha ikarudi kuwa ndogo.

Dawa yake: andika uname -r upate jina kamili la kerneli yako, kisha

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-

na hapo mwisho, baada ya kistari, ubandike jina hilo bila kuacha nafasi. Hapa ndipo utakapohitaji bando. Kisha endesha tena Guest Additions, safari hii usome hadi mstari wa mwisho, na uwashe mashine upya. Kuhakiki, andika ps -e | grep VBox. Usipoona VBoxClient wala VBoxDRMClient, bado haijakaa. Ikikaa, hakikisha kwenye menyu ya View umeruhusu ukubwa wa skrini ujirekebishe wenyewe, halafu vuta kona ya dirisha: picha itaifuata.

Kuna jambo jingine dogo linalofanana na ugonjwa na si ugonjwa. Wiki moja binti mmoja wa darasani aliniita, menyu yote ya juu imepotea na herufi zimefifia kama zimeloa maji. Alikuwa amebonyeza Ctrl ya kulia pamoja na C, ambayo inanyoosha picha ijaze dirisha. Ukibonyeza hivyo hivyo tena, hali inarudi. Ctrl ya kulia na F ni ya kujaza skrini nzima, na kutoka ni hizo hizo.

Badilisha kitu kimoja, washa, tazama, ndipo uende kingine. Mimi nilibadilisha vinne kwa mpigo, ilipopona sikujua nimshukuru nani, na mashine ya pili nikaanza upya.

Ikigoma, weka hapa mistari kumi ya mwisho ya hiyo logi na namba ya toleo la VirtualBox yako. Jioni nikishafunga ofisi nitapitia.