Mkahawa mdogo Malindi: anza na jiko, paneli za jua zitafuata

Ndugu yangu, umeeleza kwamba una mkahawa wa meza chache karibu na ufuo hapa Malindi, kwamba wageni wanakuuliza unafanya nini kuhusu mazingira, na kwamba unachelea gharama zisije zikameza faida. Mimi nami nimeendesha mkahawa wa chakula cha Kiswahili katika mji huu kwa miaka mingi. Hofu yako ina msingi iwapo utaanza kwa kununua vitu vipya. Lakini ukianza na vile unavyochoma na kumwaga kila siku, daftari lako litapata nafuu kabla mgeni yeyote hajakusifu.

Tazama makaa kwanza. Kwangu yalikuwa yakishindana na nazi kwa kula fedha, na serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi Februari 2018, bei ya gunia ilipanda hata baadhi yetu tukafikiria kuondoa mbaazi asubuhi. Misitu iliyo nyuma yetu, kama ule wa Dakacha huko Magarini, imeumizwa sana na uchomaji makaa, kwa hiyo kila gunia usilolinunua ni faida kwako na kwa msitu pia. Jiko la bati tupu hupoteza joto jingi pembeni. Lile lililotiwa udongo uliochomwa ndani hupunguza makaa kwa theluthi moja hivi, na zaidi kama mpishi ana nidhamu ya kufunika sufuria. Mbaazi kavu ziroweke mchana kutwa, uzichemshe usiku, kisha sufuria ingali inatokota uifunge ndani ya kapu kubwa lililotandikwa blanketi kuukuu, ziendelee kuiva bila moto. Alfajiri utazirudisha jikoni kwa muda mfupi tu, zitokote tena ndipo utie tui. Vifuu vya nazi usivitupe, kwani vinawaka kwa ukali na vinafaa sana kuwashia makaa na kuchemshia maji ya chai.

Mahamri niliyahamishia kwenye gesi. Gesi nayo hutoka ardhini na sitaipamba, lakini moto wake hushuka mara unapoushusha, mafuta hayaungui, na karai moja la mafuta hudumu zaidi. Yakishachakaa, nayachuja na kumpa mtengenezaji sabuni wa mtaani, kwa maana ukiyamwaga mtaroni yataganda humo, na mvua kubwa ikija uchafu wote utateremka baharini.

Hasara iliyojificha zaidi ni wali unaobaki. Ukimwaga sinia la biriani, umemwaga mchele, nyama, maji, makaa na mshahara wa mpishi kwa pamoja, na hakuna balbu wala paneli itakayofidia hayo. Andika kila siku umepika kiasi gani na kimebaki kiasi gani, ukitenganisha Ijumaa na siku nyingine, na msimu wa wageni na ule wa mvua za kusi. Baada ya muda utajua kipimo chako. Chicha za nazi na maganda nampa mfugaji wa kuku, naye hunipunguzia bei ya mayai.

Kuhusu vifungashio, sheria imekwisha kukuamulia mengi. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa, vikombe, sahani na mirija ya plastiki ya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika maeneo yaliyohifadhiwa, fuo zikiwemo. Mgeni wako akibeba juisi yako kuelekea hifadhi ya bahari, chombo ulichompa kinaweza kumtia matatani. Juisi ya ukwaju naiuza katika chupa za kioo kwa amana inayorudishwa, na anayekuja na bakuli lake nampunguzia bei kwa kiasi ambacho ningelipa kwa kifungashio, si zaidi. Jihadhari na wauzaji wa vyombo ghali vya plastiki inayodaiwa kuoza: vingi vinahitaji joto la mtambo maalumu wa mboji, mtambo ambao hatuna, na vikifika mchangani vitakaa vivyo hivyo.

Paneli za jua ziache mpaka ujue umeme wako unaishia wapi. Mara nyingi ni kwenye friji, ambayo mpira wa mlango wake umelegea au imewekwa kando ya jiko. Badilisha mpira, isogeze penye hewa, weka balbu za LED, kisha uangalie bili kwa miezi michache. Ikiwa umepanga nyumba, patana na mwenye nyumba kwa maandishi, kabla ya kupandisha chochote juu ya paa lake, kwamba utakapohama utaondoka na paneli zako.