Mwamuzi si kipofu, ni kamera
Ndugu, unauliza kwa nini tukitazama besiboli kwenye runinga, mpira tunaouona umepita nje kabisa ya eneo la mpigaji, mwamuzi anauhesabu halali. Mara nyingi kamera ndiyo inayotudanganya. Ile ya nyuma ya uwanja huwekwa pembeni kidogo ili mgongo wa mrushaji usimzibe mdakaji, basi mpira tunautazama kwa mshazari. Hilo navumilia.

Kinachoniuma ni hizi picha za karibu za nyuso! Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani, tangu 2024, mrushaji ana sekunde 18 tu za kuanza kurusha kukiwa na mkimbiaji kituoni, na bado wanatuonyesha shabiki anatafuna karanga. Wakirudi, mkimbiaji keshaiba kituo cha pili (kakifikia kwa mbio bila mpira kupigwa), anajipangusa vumbi kifuani. Tulitaka kumwona akichomoka! Waache picha pana, basi.