Maswali ya Wasomaji: Lafudhi ya Birmingham, Jezi ya Ireland

Barua za safari hii karibu zote zinagusa watu wale wale: watoto na wajukuu wa Waireland waliozaliwa Uingereza, wanaoongea kama Waingereza, lakini siku ya mechi ya taifa wanavaa kijani. Tumejibu tano.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimefuatilia soka miaka mingi. Timu ya Ireland ya kina Jack Charlton ilijaa wachezaji waliozaliwa Uingereza, na jukwaani ilikuwa hivyo hivyo. Wachezaji wale hawakuwa Waingereza waliokosa namba kwao? Na mashabiki wao, kwa nini wasiishangilie England waliyozaliwa?
*Mzee wa kijiweni, Tanga*

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Hesabu yako ni sahihi. Juni 12, 1988, mjini Stuttgart, Ireland iliifunga England 1-0 kwenye Euro. Kati ya kumi na mmoja walioanza, Bonner, Moran, Whelan na Stapleton tu ndio waliozaliwa Ireland. Saba walizaliwa Uingereza, akiwemo mfungaji Ray Houghton, mzaliwa wa Glasgow ambaye baba yake anatoka Donegal. Kocha mwenyewe, Jack Charlton, alikuwa Mwingereza aliyebeba Kombe la Dunia na England mwaka 1966.

Lakini Charlton hakubuni njia hiyo. Sheria ya uraia ya Ireland ya 1956 inasema mtoto wa mzazi aliyezaliwa Ireland ni raia tangu anapozaliwa, hata kama kazaliwa Manchester na hajawahi kuvuka bahari. Haombi uraia, tayari anao. Shay Brennan wa Manchester United, mzaliwa wa Manchester, aliichezea Ireland mwaka 1965, miaka zaidi ya ishirini kabla ya Charlton kushika timu. Charlton alichofanya ni kupekua nasaba za watu kwa bidii kuliko waliomtangulia.

Waliokosa namba walikuwepo? Walikuwepo, wala si siri kwamba baadhi wangeitikia kama England ingewaita kwanza. Ila hukumu hiyo haiwaenei wote. Kevin Kilbane wa Preston aliitwa timu ya vijana ya England akakataa, kisha akaichezea Ireland mechi 110. Huyo huwezi kusema alikosa pa kwenda.

Kuhusu mashabiki, lazima turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1950 Ireland ilipoteza watu takriban 400,000 kwa uhamaji, wengi wao wakielekea Uingereza: wanaume kwenye ujenzi na viwanda, wanawake hospitalini na majumbani. Watoto wao walikulia Birmingham, Coventry, Luton, Manchester na kaskazini-magharibi mwa London. Kisha ikaja Novemba 21, 1974. Mabomu yaliyohusishwa na IRA, kundi la silaha la Kiireland, yaliua watu 21 kwenye baa mbili za Birmingham, na siku chache baadaye Bunge likapitisha sheria ya kupambana na ugaidi iliyoruhusu polisi kumshikilia mtuhumiwa hadi siku saba bila mashtaka. Waireland wa mji ule walinyamaza. Maandamano yao ya Siku ya Mtakatifu Patrick yalisimama na hayakurudi barabarani hadi 1996. Watoto walijifunza kuwa Waireland wakiwa nyumbani, kanisani na kwenye klabu zao, na kujishusha shuleni na kazini.

Timu ya 1988 hadi 1994 ilifungua mlango huo. Ghafla ukawepo Uireland wa kushangilia hadharani, wenye jezi na bendera, ambao hakuna wa kuuhusisha na mabomu. Na kuna jambo ambalo waandishi wengi hulipita: mashabiki hawa walisikia sauti zao wenyewe zikitoka kwenye timu. Nahodha wa 1990, Mick McCarthy, anaongea kama mtu wa Barnsley kwa sababu ndiko alikozaliwa. Nahodha wa 1994, Andy Townsend, ni mzaliwa wa Maidstone. Kijana wa Coventry ambaye binamu zake wa Mayo, Ireland, walikuwa wakimwita Mwingereza kila likizo alimwona mtu mwenye lafudhi ya Kiingereza akiiongoza Ireland uwanjani. Hoja ya kwamba lafudhi yake inamnyima haki ikaisha nguvu. Timu isiyokuwa na wachezaji hao, hata kama ingeshinda sawa, isingewagusa namna ile.

Wengine, mzee, wanaishangilia England, na mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja na hao wanaovaa kijani. Baba yake Harry Kane wa England anatoka Galway, Ireland.

SWALI: Mimi ni Mzanzibari, nafanya kazi ghalani hapa Coventry. Mwenzangu wa zamu ni shabiki wa Coventry City kufa na kupona, lakini timu yake ya taifa ni Ireland. Nilimuuliza kwa nini haishangilii England, akanuna siku nzima. Nimekosea wapi?
*Mpenda kujua, Coventry*

JIBU: Swali lako amelisikia tangu akiwa mdogo, tena mara nyingi kwa watu waliotaka kumtega. Akiwa England anaitwa Paddy, jina la kejeli kwa Waireland, na akifika Dublin akafungua mdomo anaambiwa ni Paddy wa plastiki, yaani Mwireland wa bandia. Ukimuuliza kwa nini si England, anasikia shtaka.

Muulize wazazi wake wametoka kaunti gani. Kwa Waireland kaunti ina uzito: Mayo, Kerry na Donegal zina rangi zake, timu zake za Gaelic, mpira wa jadi wa Waireland, na majivuno yake. Ukipata jibu, muulize likizo alikuwa anakwenda kwa nani. Wengi wao walipelekwa kwa babu na bibi kila kiangazi, wakakata nyasi na kuchimba mboji ya kuwashia moto, na ukigusa hapo hamtamaliza zamu mkiwa kimya.

Klabu na taifa hazigongani kwake hata kidogo. Klabu ni ya mji aliokulia, taifa ni la nyumba aliyolelewa. London Waireland wengi waliangukia Arsenal, na miaka ya 1970 waliwaona pale Liam Brady, David O'Leary na Frank Stapleton kwa wakati mmoja.

Tahadhari tatu. Usiseme Ireland ni sehemu ya Uingereza. Usichanganye Jamhuri ya Ireland na Ireland Kaskazini, kwa kuwa zote zinavaa kijani: Jamhuri inachezea Dublin na bendera yake ni kijani, nyeupe na chungwa, ilhali Ireland Kaskazini inachezea Windsor Park, Belfast, na kabla ya mechi unapigwa wimbo wa taifa wa Uingereza. Ya tatu, Ireland ikikutana na England mwache aanze yeye utani. Mechi ya Februari 15, 1995 pale Lansdowne Road ilivunjwa dakika ya 27 baada ya wahuni wa England kung'oa viti na kuvirusha. Bao pekee lilikuwa limefungwa na David Kelly, mzaliwa wa Birmingham, upande wa Ireland.

SWALI: Mume wangu na baba yake wote wamezaliwa Birmingham. Bibi yake mzaa baba alizaliwa Mayo. Mimi ni Mkenya. Tuna binti wa miaka 9 anayecheza mpira vizuri sana, na nina mimba ya miezi mitano. Tunataka watoto wapate uraia wa Ireland, na binti siku moja aichezee. Tuanzie wapi?
*Mama wa Birmingham*

JIBU: Hongera dada. Kwanza jua nani anasimama wapi. Baba mkwe wako ni raia wa Ireland tayari, kwa kuwa mama yake alizaliwa huko. Mume wako ana haki, lakini haifanyi kazi mpaka aandikishwe kwenye daftari la vizazi vya ng'ambo linalotunzwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ireland. Uraia wake utaanza siku ya kuandikishwa, haurudi nyuma hata siku moja.

Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Binti alizaliwa baba yake akiwa hajaandikishwa, kwa hiyo njia hii kwake imefungwa. Mtoto aliye tumboni bado ana nafasi, mradi baba yake awe ameandikishwa kabla hajazaliwa. Maombi huchukua miezi mingi, ila wizara inapokea maombi ya kuharakisha kutoka kwa wazazi wanaotarajia mtoto. Kuharakishwa hakuji kwenyewe, lazima mkuombe. Anzeni wiki hii.

Fomu inajazwa kwenye mtandao, inachapishwa, kisha inasainiwa mbele ya shahidi mwenye taaluma inayokubalika, kama daktari, mwalimu au wakili, anayemfahamu mume wako bila kuwa ndugu yake. Ada ya mtu mzima ni yuro 278, na ya mtoto yuro 153. Ambatanisheni picha nne za rangi, mbili zikiwa zimesainiwa na shahidi, uthibitisho wa anwani wa aina mbili, nakala ya pasipoti yake iliyothibitishwa, na vyeti halisi vya vizazi vitatu: cha kuzaliwa cha mume, cha baba yake na cha bibi, pamoja na vyeti vya ndoa vinavyoonyesha majina yalivyobadilika. Kwa aliyefariki, wekeni cheti cha kifo.

Makosa yanayorudisha bahasha ni yale yale kila mwaka. Watu hutuma cheti kifupi cha Uingereza kisicho na majina ya wazazi, wakati kinachotakiwa ni kile kirefu. Wengine hutuma cheti cha ubatizo cha bibi badala ya cha serikali. Vizazi vimeandikishwa na serikali Ireland tangu 1864, kwa hiyo cha bibi huenda kipo, na nakala huagizwa kwa msajili mkuu. Tatizo la tatu ni majina. Bibi aliyeandikishwa Bridget anaweza kuwa aliolewa kama Bridie au Delia. Msiache wizara ikisie, elezeni tofauti hiyo kwa barua na mtafute hati nyingine inayounganisha majina hayo.

Mtoto akishazaliwa, naye aandikishwe kwenye daftari lile lile. Uraia haumfikii moja kwa moja kama ulivyomfikia babu yake.

Kuhusu mpira wa binti: ukoo unaotajwa na kanuni za FIFA unaishia kwa babu na bibi, nao Waireland huiita kanuni ya bibi. Mzaliwa wa Mayo kwake ni mama wa babu, kwa hiyo hesabu haifiki. Lakini ikiwa wewe ulikuwa raia wa Kenya alipozaliwa, katiba ya 2010 inamfanya binti yako raia wa Kenya wa kuzaliwa, na uraia pacha unaruhusiwa. Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake ya Kenya, iko wazi kwake leo.

SWALI: Declan Rice aliichezea Ireland kisha akahamia England. Kwa nini aliruhusiwa? Na mbona Origi wetu hatukumzomea alipochagua Ubelgiji?
*Shabiki, Nairobi*

JIBU: Rice alizaliwa London, na babu na bibi yake ni wa Cork. Mwaka 2018 aliichezea Ireland ya wakubwa mechi tatu, dhidi ya Uturuki, Marekani na Ufaransa, zote za kirafiki. Mechi ya kirafiki haimfungi mchezaji. Inayomfunga ni ya mashindano, zikiwemo za kufuzu. Alibadili mapema 2019, na kanuni ilikuwa upande wake.

Mwaka 2020 FIFA ililegeza zaidi. Hata aliyecheza mechi za mashindano za wakubwa anaweza kuhama, ikiwa hazikuzidi tatu, zote alizicheza kabla ya kutimiza miaka 21, imepita miaka mitatu tangu ya mwisho, na hakuwahi kucheza fainali za Kombe la Dunia au za bara lake. Timu za vijana ni jambo jepesi zaidi: Jack Grealish wa Birmingham alipanda nazo Ireland mpaka ya chini ya miaka 21, kisha mwaka 2015 akachagua England.

Septemba 7, 2024 England ilikwenda Dublin ikashinda 2-0. Wafungaji ni Rice na Grealish, na wote walizomewa kila walipogusa mpira. Rice hakushangilia bao lake. Kocha wa muda wa England siku hiyo alikuwa Lee Carsley, mzaliwa wa Birmingham aliyewahi kuichezea Ireland, na magazeti ya Uingereza yalimshambulia kwa kusema haimbi wimbo wa taifa. Alieleza kuwa hata akiichezea Ireland hakuuimba, huwa anawaza mechi. Mtu mmoja, na pande mbili zote zinadai hati ya moyo wake!

Origi hamkumzomea kwa sababu hakuwahi kuvaa jezi yenu. Alizaliwa Ostend wakati baba yake, Mike Okoth wa Harambee Stars, akisakata mpira Ubelgiji. Yussuf Poulsen ni hivyo hivyo, mzaliwa wa Copenhagen ambaye baba yake ni wa Tanga, nasi tulishangilia bao lake dhidi ya Peru mwaka 2018 kana kwamba Denmark iko Chumbageni, mtaa wa Tanga. Kinachowauma Waireland ni jezi iliyovaliwa ikavuliwa. Wasichopenda kuambiwa ni kwamba kanuni iliyowapa Houghton na Townsend ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa Rice.

SWALI: Nasoma Glasgow. Kila shabiki wa Celtic ni Mwireland?
*Mwanafunzi, Glasgow*

JIBU: Hapana. Klabu ilianzishwa 1887 kwa ajili ya maskini wa Kiireland wa mashariki mwa jiji, na bendera za Ireland bado zimejaa uwanjani, lakini wengi jukwaani leo ni Waskoti kwa vizazi kadhaa, na wapo wanaoishangilia Scotland bila tabu yoyote. Aiden McGeady, mzaliwa wa Scotland mwenye babu na bibi wa Donegal, alichagua Ireland akiwa Celtic, na kwa miaka alizomewa kwenye viwanja vya Scotland. Novemba 2014 alirudi Celtic Park na jezi ya Ireland, akazomewa kwenye uwanja ule ule uliokuwa nyumbani kwake. Ukikaribishwa kutazama mechi, uliza kwanza ni ya klabu au ya taifa, kwa sababu waliokaa nawe meza moja Jumamosi wanaweza kuwa pande mbili Jumanne.