Kwa mnaoanza kusaga unga: oda kubwa ya kwanza

Wadogo zangu mnaofungua mashine za kukoboa na kusaga hapa Arusha, kila tukikutana mnaniuliza soko liko wapi. Soko lipo. Shule za bweni, hoteli na mama lishe hawaachi kununua unga. Niliowaona wakifunga mashine pale mtaa wa Unga Limited wengi wao hawakukosa wateja. Walipata mteja mkubwa kuliko ghala lao.

Shule inataka tani tano kufikia Ijumaa, wewe una mbili. Unampigia dalali, lori linafika usiku, mnashusha kwa mwanga wa tochi, asubuhi mashine inanguruma. Mahindi yale yalianikwa wapi, yalinyeshewa mara ngapi, hujui. Na kiroba kina jina lako.

Hapo ndipo sumukuvu inapoingia. Inatokana na ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka vizuri. Kwa kuonja huitambui, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, malori yakakwama mpakani Namanga. Mwenye mahindi makavu na mwenye mabovu walikaa foleni moja. Kwa hiyo ukimwona jirani anamwaga mahindi mabichi kwenye mashine usiseme hayakuhusu, maana siku mpaka ukifungwa hakuna atakayeuliza yapi ni yako.

Nunua kipima unyevu kabla ya kununua mashine ya pili. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Pima gunia likiwa bado juu ya lori. Likishashuka utaona haya kulirudisha. Toa sampuli magunia ya katikati na ya chini pia, kwa sababu madalali wanajua kupanga. Na ile shule iambie ukweli: tani mbili Ijumaa, zilizobaki mzigo mkavu ukifika. Wengine watakwenda kwa mwingine. Waacheni waende. Wakati mko kwenye mazungumzo uliza pia watalipa lini, maana shule nyingi husubiri ada, na mkulima wa Kiteto aliyekuuzia mahindi hasubiri muhula uishe.

Kila siku ya kusaga iwe na namba yake kwenye kiroba, na daftari lioneshe mahindi yalitoka kwa nani, unga ukaenda wapi. Likitokea tatizo utarudisha mzigo wa siku moja badala ya kufukuzana na wa mwezi mzima. Nimesikia watu wakisema hayo ni mambo ya kampuni kubwa. Sijui wanadhani zile kampuni zilianza kuandika lini.

Mzani ukaguliwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Mama lishe hana haja ya mzani, yeye anahesabu sahani, na kilo ikipungua atajua kabla yako.

Nembo ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, itafuteni mapema. Anzieni ofisi ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, wataelekeza. Ila mkaguzi hashindi ghalani kwako, mzigo wa leo ni juu yako. Na namba ya simu kwenye kiroba iwe ya mtu anayepokea. Iliyopo kwenye viroba vyangu ni yangu mwenyewe, na wengi wanaopiga wanauliza bei tu.