Kabla Hujamlaumu Muuza Flashi

Mama wa bwana harusi alikuwa amekaa kwenye benchi ofisini kwangu, begi miguuni, na basi lake lilikuwa linaondoka alfajiri. Video za harusi zilisomeka GB 61.3 kwenye kompyuta yangu ya Windows. Nilishanunua flashi ya GB 64, nikijua itatosha na nafasi itabaki. Nilipoanza kuhamisha, kompyuta ikagoma: nafasi haitoshi. Nikaangalia ujazo wa flashi, nikakuta 59.6.

Nikatoka mbio hadi dukani, nikamwambia kijana wa watu mbele ya wateja wake kwamba ameniuzia feki. Akaapa kuwa ni halisi. Alikuwa akisema kweli, na nilipokuja kuelewa nilirudi kumwomba radhi.

Mtengenezaji wa flashi huhesabu kwa elfu. Kilobaiti ni baiti 1,000, megabaiti ni kilobaiti 1,000, gigabaiti ni megabaiti 1,000. GB 64 zake ni baiti bilioni 64, na zote zimo. Windows huhesabu kwa 1,024, yaani 2 × 2 × 2 hadi zitimie mbili kumi, kwa sababu kumbukumbu ya kompyuta hupangwa kwa mbilimbili. Chukua kikokotoo ujionee: gawanya 64,000,000,000 kwa 1,024, unapata 62,500,000. Gawanya tena, 61,035. Mara ya tatu, 59.6. Hakuna baiti hata moja iliyoibwa.

Mwaka 1998 hesabu hii ya 1,024 ilipewa majina yake yenyewe: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, kwa kifupi KiB, MiB na GiB. Lakini Windows bado huandika GB, na wengi wetu hatujawahi kuyasikia majina hayo. Kompyuta za Mac huhesabu kwa elfu tangu 2009, kwa hiyo flashi ileile ukiichomeka huko inasomeka karibu na 64.

Mimi sasa nazidisha kwa 0.93 kila ninapoona GB kwenye pakiti. Ya 32 inakupa karibu 29.8, ya 128 karibu 119. Kwenye terabaiti (TB), yaani gigabaiti 1,000, pengo linakua, zidisha kwa 0.91: diski ya TB 1 inasoma TB 0.91, au GB 931. Ukikuta namba hizo, usigombane na mtu.

Feki zipo kweli, ila hazijionyeshi hivyo. Huwa zinadai ujazo mkubwa ambao hazina, zinapokea faili zako vizuri, kisha siku unayozihitaji hazifunguki. Dawa yake ni kuijaza flashi yote na kuisoma tena kabla hujaiamini. Programu ya H2testw hufanya kazi hiyo.

Jambo jingine lililonisumbua ni herufi b. B kubwa ni baiti, b ndogo ni biti, na baiti moja ina biti 8. Kamera inayorekodi kwa Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, inakula megabaiti 12.5 kwa sekunde, sawa na 750 kwa dakika, GB 45 kwa saa. Kadi ya 64 inajaa baada ya dakika 85 hivi, na harusi zetu unazijua, saa hiyo bibi harusi hajaingia ukumbini. Piga hesabu hii nyumbani, kabla hujaondoka.

Usiku ule ilibidi nipunguze kitu. “Mwanangu, toa chochote,” mama akaniambia, “ila nasaha za babu yao usiziguse.” Nikatoa sherehe ya jikoni, akaondoka na zilizobaki. Baadaye nilifikiria kumtumia video zote kwa intaneti, na hiyo niliyoitoa ikiwemo. Laini yangu ilikuwa inapandisha Mbps 8, ambayo ni megabaiti 1 kwa sekunde. Mzigo wote ungechukua saa 18 na zaidi bila kukatika. Nikanunua flashi ya 128 kwa kijana yuleyule, nikaweka kila kitu upya, nikampa kondakta wa basi.